Desemba hii mnisaidie kubeba, msiniulize mnisaidie nini

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye gazeti lako nitoe la moyoni, maana nikilitoa nyumbani naambiwa nina hasira za Desemba. Naandika kwa simu nikiwa kwenye foleni ya mwendokasi Gerezani, saa moja usiku hii, kwa hiyo mkiona herufi zimerukana mtanirekebishia, ndo kazi yenu.

Juzi pale dukani kwetu redio ilikuwa wazi, kikaja kipindi cha afya, mtaalamu akaulizwa wazazi wafanyeje wasipate stresi msimu huu wa sikukuu. Akasema tulale masaa nane, tunywe maji ya kutosha, tufanye mazoezi mepesi na tupange bajeti mapema. Tulikuwa wanawake watatu pale kaunta tukaangaliana, tukacheka mpaka mteja akadhani tunamcheka yeye. Masaa nane! Mi naamka saa kumi na nusu alfajiri ili nipate mwendokasi ambalo angalau naweza kuingiza miguu yote miwili. Simlaumu yule mtaalamu, hajasema uongo, ila naona alikuwa anaongea na mzazi mwingine kabisa, labda yupo, mi sijawahi kukutana naye.

Mimi ni mama wa watoto 3, naishi Kimara, ni mhasibu kwenye duka la jumla Kariakoo. Baba watoto ni mwalimu wa sekondari. Kwao Marangu, kwetu Songea. Nayataja haya sio kujitambulisha tu, kila moja lina kazi yake humu mbele.

Sijui nani aliipanga kalenda ya nchi hii lakini huyo mtu hakuwa na watoto. Shule zinafungwa mwanzoni mwa Desemba, watoto wote nyumbani, wanakula kama wanajenga barabara. Tarehe 9 Uhuru, mapumziko, ila duka la Kariakoo halijui Uhuru. Tarehe 20 nipeleke ritani ya VAT, mteja wa mkoani anataka mzigo wake wa sikukuu utoke kabla barabara haijajaa, na bosi anataka tuhesabu stoo tufunge mahesabu ya mwaka. Hapo hapo Krismasi, hapo hapo harusi, maana siku hizi watu wakitaka kuoa wanaoa Desemba ili ndugu wa mikoani wawepo, hapo hapo kuna mtoto wa jirani kapata komunio na mwingine kipaimara. Halafu Krismasi haijapoa vizuri, Januari hii hapa na shule yake.

Na mwaka huu kwangu Januari imekuja na meno, wa kwanza anaingia kidato cha kwanza, bweni. Najua tangu 2016 shule za serikali hakuna ada na nashukuru sana kwa hilo, ila we isome ile fomu ya kujiunga. Godoro, tranka, ndoo 2, shuka pea 2, sare, sweta, viatu pea 2, rimu ya karatasi, madaftari makubwa, fagio, jembe au fyekeo. Nimeisoma mara mbili nikidhani nimechanganya na orodha ya mtu anayehamia shamba.

Sasa hesabu ya mshahara. Sisi tunalipwa mapema Desemba, bosi anatuonea huruma tusikie sikukuu, tarehe 22 hela imeingia. Watu tunafurahi! Ila mshahara unaofuata ni tarehe 31 Januari. Kaa uhesabu, hizo ni siku 40. Arobaini kamili kama ya msiba, na kwa kweli mwisho wake watu tunakaa hivo hivo, kimya, tunaangaliana. Miaka yote nilikuwa nachukua ule mshahara pamoja na mgao wa kikoba, maana kikoba chetu nacho kinavunjwa Desemba, naunganisha, najiona tajiri kwa wiki moja, nanunua, nachanga, nabeba, tukirudi Dar tarehe 3 nakopa hela ya gesi.

Lakini hela sio ndo inayonitia wazimu, na hapa ndo nilitaka kufika.

Mwaka juzi tulienda Marangu kama kawaida. Wenye wake na waume wa Kichagga mnajua, Desemba ni lazima ukahesabiwe, usipoenda ukoo unaulizana kama umefilisika au umefungwa. Tiketi nilianza kuzitafuta Novemba, nikakosa, nikaja kuzipata kwa mlanguzi pale stendi ya Mbezi kwa bei ambayo sitaiandika maana bosi wangu anasoma gazeti lenu. Wiki nzima ile kichwa changu kilikuwa hivi: kitenge cha mama mkwe, na cha shangazi mkubwa ambaye hakipendi kikifanana na cha mama mkwe, sukari kilo 10, mchele kilo 20, sabuni mche, nguo za watoto mtaa wa Kongo, viatu vya wa kati havimtoshi, nauli ya dada wa kazi, mchango wa harusi ya mtoto wa mjomba dabo laki moja singo elfu 50 na mweka hazina kanitaja kwenye grupu mbele ya watu 112, mchango wa mbuzi wa ukoo, hesabu ya stoo haijafunga kuna katoni 14 hazionekani, funguo za nyumba nimwachie nani, kuku wale wawili wale nini.

Tukapanda basi saa kumi na moja alfajiri. Chalinze, Segera, tunakula machungwa, watoto wanaimba. Korogwe nikalala, ndo mara ya kwanza nalala wiki ile. Tulipofika maeneo ya Same nikashtuka kama mtu kanimwagia maji. Pampu ya pumu ya mtoto. Wa mwisho ana pumu. Sijaibeba. Nimebeba sukari kilo 10, nimebeba vitenge viwili visivyofanana, mpaka pumba za kuku nilikumbuka kumwachia jirani. Pampu ya mtoto ipo juu ya friji, Kimara.

Nikamwamsha baba watoto, nikamwambia. Akaniangalia, akasema, "Sasa mke wangu, pampu nayo unasahauje?"

Mhariri, sijawahi kumjibu mtu vibaya ndani ya basi lakini siku ile abiria wa Mwanga walishuka wakiwa na cha kusimulia.

Kule juu mtoto alibanwa kweli usiku wa pili, nadhani ni ule moshi wa kuni jikoni, nyumba imejaa watu, kila mtu anapika. Tukateremka naye usiku kwenye pikapu ya jirani mpaka hospitali, akawekewa mashine ya kuvuta dawa, asubuhi akawa anakimbia na wenzake kama hakuna kilichotokea. Mimi nilikaa kwenye benchi la hospitali mpaka kunakucha nikawa najiuliza swali moja tu, na swali lenyewe halikuwa nilisahauje, ni kwa nini ilikuwa lazima niwe mimi wa kukumbuka. Yule baba ni mwalimu. Shule zilifungwa tangu mwanzo wa mwezi. Alikuwa nyumbani wiki mbili nzima kabla ya safari, mimi nashinda Kariakoo.

Naomba nieleweke, mume wangu sio mtu mbaya. Hanywi hela ya nyumba, watoto anawapenda, ukimtuma sokoni anaenda na anarudi na chenji. Tatizo ni hapo pa ukimtuma. Kila Desemba akiona nimechanganyikiwa ananiuliza kwa upole kabisa, "Nikusaidie nini?" Na wanaume wengi mnaosoma hapa mtasema sasa si ndo uungwana huo. Jamani. Nikusaidie nini ni kazi nyingine mmeniongezea. Maana nisimame, nifikirie yote yaliyobaki, nichague lipi unaliweza, nikueleze linafanywaje, baadae nikukumbushe, halafu nikushukuru. Bora nifanye mwenyewe, na ndo tunavyoishia wengi, tunafanya wenyewe huku tumenuna, watoto wanajua kabisa. Wa kati aliwahi kuniambia, "Mama we Desemba unakuwa kama matroni." Alikuwa na miaka 8.

Na msidhani ni Wakristo tu. Jirani yangu Mama wa Kiislamu, mlango kwa mlango, yake inamkuta Idd, tofauti ni kwamba Idd inazunguka kwenye kalenda haikai mwezi mmoja, ila nguo za watoto ni zile zile, wageni ni wale wale, na yeye anayapika hayo yote akiwa amefunga mwezi mzima. Tukikutana kwenye kamba ya kuanikia hatuulizani hali, tunaangaliana tu.

Mwaka jana nikagoma. Nilisema Krismasi nabaki Dar, anayetaka kwenda aende. Hakwenda mtu. Mama mkwe alinuna, hakupokea simu siku mbili, mawifi wakaandika kwenye grupu mambo ya mafumbo kuhusu wanawake wa kusini, nikayasoma nikaweka simu chini nikageuza pilau. Sitadanganya kwamba ilikuwa raha, mume alikuwa mnyonge, siku ya Krismasi alikaa barazani anapigiwa video za mbuzi anachinjwa kwao, nikamwonea huruma mpaka nikataka kukata tiketi ya tarehe 26.

Ila tukaenda Juni, likizo ile ya katikati ya mwaka. Tiketi tulikata siku moja kabla, tukachagua mpaka siti. Baridi ya Marangu Juni sio ya mchezo, mtoto anavaa sweta mbili na soksi kitandani, lakini pampu tulikuwa nazo mbili, moja kwangu moja kwa baba yake. Nyumba ilikuwa tupu. Mama mkwe peke yake na mbwa na ng'ombe mmoja. Nilijua atanisema kwa ya Desemba na kweli alinisema, siku ya kwanza yote. Siku ya tatu tunamenya ndizi za mtori akaniambia, hata hakuniangalia, "Mwanangu, nyie Desemba mnakuja wote mnanimalizia kuni, Januari nabaki kuosha mashuka ya watu 20." Na vitenge? Alinifungulia kabati. Vipo vyote, vingine bado vina bei. Akanigawia kimoja nikavae kwetu.

Miaka 11 natembea mtaa wa Kongo juani natafuta vitenge visivyofanana.

Basi Novemba ya mwaka huu siku ya Jumapili baada ya misa nilichukua daftari la wa kwanza lililobaki kurasa, nikamkalisha baba watoto, nikamwambia leo hatuongei, tunaandika. Nikaanza kutoa kila kitu kilichomo kichwani, kimoja kimoja, hata vidogo, hata kumkatia nywele wa kati, kuchaji ile taa, kumpelekea jirani namba ya fundi bomba. Ilituchukua saa nzima na zaidi. Zilitoka kurasa 6. Yeye ndo alikuwa anaandika na nilimwona kabisa ukurasa wa tatu akabadilika sura, akaniuliza, "Haya yote huwa yako wapi?"

Tukaanza kukata. Michango ya harusi tumebaki na miwili, ndugu wa damu, wengine tumewaandikia mapema kwamba mwaka huu tuna mtoto wa bweni tutawaombea. Mmoja kajibu kwa emoji ya kidole gumba, sijui kama ni heri au shari, imeshapita. Vitenge hakuna, mama mkwe tunampelekea hela ya mtu wa kufua na mkokoteni wa kuni. Nguo mpya za Krismasi mwaka huu ni za shule, yaani viatu vya shule vya Januari ndo viatu vya kanisani tarehe 25, vitang'arishwa tu. Wa kati kalia. Kasema watoto wa Marangu watamcheka amekuja na viatu vya shule. Nimemwambia na wao watakuwa navyo, mama zao nawajua.

Mgao wa kikoba haukufika nyumbani. Nilipoupokea niliunganisha moja kwa moja Kariakoo hapo hapo nikanunua godoro, tranka na vile vya kwenye fomu, kabla sijamwonyesha mtu. Mshahara wa tarehe 22 nao nitaugawa kwa siku 40, hela ya chakula na nauli ya Januari itakaa kwenye laini ya simu ambayo namba ya siri anaijua mume na mimi siijui, na mimi naijua ya kwake. Tunaaminiana ila sio Desemba.

Halafu kurasa. Hili ndo lililonifanya niandike barua. Hatukugawana kwamba yeye ananisaidia vitu fulani, tumegawana kurasa. Ukurasa wa safari ni wake, wote, tiketi, mizigo ya watoto, dawa, kadi za bima, chakula cha njiani, mpaka kuku. Ukurasa wa shule ya wa kwanza ni wangu. Ukurasa wa ndugu, nani apigiwe nani apelekewe nini, ni wake, maana ni ndugu zake, na sijui kwa nini ilinichukua miaka 11 kuliona hilo. Ukurasa wa dada ni wangu. Na sheria ni moja, mwenye ukurasa haulizi. Akisahau kasahau, atajieleza mwenyewe.

Kuhusu dada niseme kidogo, maana nasikia wanawake wenzangu mnavyolalamika kwenye magrupu kwamba wadada wanawakimbia Desemba hawarudi. Wa kwangu kwao Singida, ana mama yake na mtoto wake wa miaka 5 kule, yeye anamlea wangu mwaka mzima, wa kwake akilelewa na bibi. Tarehe 18 anaondoka, anapanda treni ya SGR mpaka Dodoma halafu basi, nauli kwenda na kurudi nimeshampa pamoja na mshahara wa mwezi mzima, na nimemwambia arudi tarehe 10. Akirudi nitashukuru, asiporudi sitamtukana kwenye grupu. Sikukuu na yeye ni yake.

Sasa kwa kuwa gazeti hili linasomwa na wakubwa, nina maombi mawili ya haraka, mwendokasi ndo linaonekana linakuja. Wenye shule hasa za binafsi, ile orodha ya mahitaji ya muhula mpya tupeni Novemba watoto wakiwa bado darasani, msitutumie meseji tarehe 2 Januari usiku kwamba shati limebadilika rangi. Na wenye kamati za harusi, kuoa ni heri, ila kuna miezi mingine kumi na moja na kumbi zake ni rahisi.

Mawifi zangu najua mtalisoma hili, na mtalijua ni la nani, hata jina nisipoweka. Tunakuja. Baba watoto anatangulia na watoto watatu tarehe 20, peke yake, kwa mara ya kwanza tangu tuoane. Mimi nafunga hesabu, nitakuja na basi la usiku wa tarehe 24, Mungu akipenda nitaingia Himo asubuhi ya Krismasi na kamkoba kamoja tu, na sitabeba sukari.

Nimeogopa kidogo, siwezi kuficha. Jana usiku nilikuwa nimeshazima taa nikasikia yuko sebuleni anafungua droo, anafunga, anafungua kabati. Akaja mlangoni akasimama. "Mke wangu, hivi pampu ya mtoto iko wapi?" Nilikuwa najua. Ilikuwa juu ya friji, pale pale. Mdomo ukafunguka wenyewe, nikaufunga, nikamwambia angalia ukurasa wako, nikajifunika shuka. Nilikaa macho namsikiliza anatafuta kama dakika ishirini hivi, moyo unanienda mbio utadhani naiba, mpaka nikasikia mlango wa friji umetikisika na yeye anaguna, "Aah."

Asubuhi nimeikuta kwenye begi la safari, mfuko wa pembeni, imefungwa na raba.

Mama wa watatu,
Kimara, Dar es Salaam.